Luninga ya Nne

Siku Don Tello alipoacha kuwepo, kitu cha kwanza kukosekana kilikuwa mlio wa nyundo.

Ilikuwa Jumanne ya Agosti, saa nne asubuhi. Doña Amparo alikuwa jikoni akikanda unga wa mahindi. Nyuma ya nyumba, kwenye gereji ambayo mumewe aliigeuza karakana ya kushona viti vya magari, nyundo iligonga kama ilivyogonga kila siku kwa miaka ishirini na sita. Kisha ikanyamaza, na Doña Amparo akafurahi. Hilo ndilo jambo aliloshindwa kujisamehe baadaye, kwamba alifurahi. Alidhani mzee ameamua kupumzika kabla ya wakati, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akabandika kahawa. Kahawa ilikuwa haijachemka Varo, mchumba wa binti yao, alipoingia jikoni mbio, uso umemsawijika, akiuliza simu iko wapi, ilhali alijua vizuri iko wapi.

Ofelia, binti yao pekee, alikuwa kazini Mtaa wa Kwanza, kwenye duka la vitambaa, akimpimia mteja yadi nne za ngozi bandia nyekundu. Varo ndiye aliyempigia. Hakusema baba amefariki. Alisema tu, "Ofe, njoo nyumbani," na kwa namna alivyolitamka lile jina, Ofelia aliuacha mkasi juu ya kitambaa akatoka bila hata mkoba. Mpaka leo hajui kama yule mteja alipata kitambaa chake.

Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba hata kama mzee angeangukia mlangoni pa hospitali, wasingemwahi. Aliwaambia hivyo ili kuwapoza, na kweli iliwapoza.

Varo alieleza ilivyokuwa, akaeleza tena kwa kila shangazi aliyefika. Alikuwa akimrekodi mzee kazini. Kanda ilikaribia kuisha, akatoka barabarani kuchukua nyingine garini, akaiacha kamera juu ya miguu yake mitatu ikiendelea. Aliporudi alimkuta Don Tello chini, kando ya kiti alichokuwa akikishona, na vile vimisumari alivyozoea kuvibana midomoni vimetawanyika sakafuni. Hapo ndipo alipokimbilia simu. Kila alipofika penye vimisumari sauti ilimkatika, na wanawake wakamletea maji.

*

Evaristo Lucero, ambaye watu wote wa mtaa wao wa Boyle Heights walimwita Varo, alikuwa na miaka ishirini na saba na kazi ambayo Doña Amparo hakuweza kumweleza jirani. Alitengeneza picha za video zisizo na mwanzo wala mwisho. Angeweza kurekodi mikono ya mwanamke akipiga chapati za mahindi, kisha akaichanganya na magari ya barabara kuu inayopita juu ya paa za nyumba zao, mpaka usijue kama kinachonguruma ni jiko au ni lori. Alisema hiyo ndiyo familia ya Kichikano, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ilivyo: mtu anakula chakula cha jioni chini ya magurudumu ya watu wengine.

"Wanaume wengine huja kuposa na maua," Doña Amparo alisema mara ya kwanza alipomwona. "Huyu kaja na waya."

Don Tello ndiye aliyempenda. Alimwita mkwe wa luninga, akamtengea kigoda kwenye karakana, na alipotaka kusema jambo la maana aliigeukia kamera badala ya kumtazama kijana. Amparo alimwuliza usiku kama haoni aibu kuzungumza na chombo. Mzee akamjibu kwamba chombo angalau hakimkatizi.

Na Ofelia? Ofelia alinaswa juu ya daraja la Mtaa wa Nne, machweo ya mwezi wa Machi. Varo alimsimamisha nyuma ya kamera, akasimama nyuma yake, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya pete ya lenzi. Pumzi zake zilimgusa shingoni. Alimwambia aizungushe polepole. Magari yaliyokuwa chini kabisa, madogo kama punje, yakaja karibu mpaka Ofelia akauona uso wa mwanamke mmoja akiimba peke yake nyuma ya usukani.

"Umeona?" Varo alimnong'oneza. "Kamera ukiiweka juu ya miguu yake, inatazama tu. Haitamani kitu. Ukiona picha inasogea karibu, ujue kuna mtu ametamani."

Ofelia aligeuka, na hakuna aliyeitazama kamera tena jioni ile. Maneno yale aliyatunza kama wanawake wengine wanavyotunza barua.

*

Katika siku tisa za rozari Varo hakugusa kamera. Alibeba viti kutoka parokiani, alimwaga visahani vya majivu vya wazee waliovuta sigara uani, alijibu sala kwa sauti kubwa kuliko wajomba. Doña Amparo alikuwa akimtazama. Siku ya tisa, walifika kwenye kuuinua msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni pale jeneza lilipowekwa. Ni desturi mwenye msiba achague watu wanne wa kukusanya chokaa hiyo, kila mmoja upande wake. Upande wa kichwani hupewa mtu wa damu. Ndugu za marehemu walikuwa wamejipanga. Doña Amparo akawapita, akamkabidhi Varo brashi na kijisanduku.

Tía Nieves, dada yake Amparo, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika hata msibani, alimwinamia Ofelia akamwambia basi ajipime gauni, maana mwenzake tayari ameshaolewa na mama mkwe.

Ofelia alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Varo alipiga magoti akakusanya chokaa kwa mkono uliotetemeka. Ofelia aliuona mkono ule ukitetemeka, akazidi kumpenda.

Amparo mwenyewe ndiye aliyesema wasisubiri mwaka wa msiba uishe. Harusi iwe Januari. Marehemu angelitaka hivyo.

*

Jumamosi ya mwisho ya Septemba walialikwa kwenye maonyesho. Ukumbi ulikuwa duka la zamani la viatu kwenye barabara ya Brooklyn ya mtaani kwao, na vioo vya kujipimia viatu vilikuwa bado vimeegemezwa ukutani, vifupi, vinavyoonyesha miguu tu. Luninga tatu zilipangwa juu ya meza. Varo alikuwa ameiambia familia kwamba hii ni zawadi yake kwao, na hakutaka waione kabla ya wengine. Doña Amparo alivaa nyeusi yake nzuri. Akawekewa kiti mbele.

Kwenye luninga ya kushoto magari yalipita chini ya daraja. Kwenye ya kulia mikono ya Amparo ilipiga chapati, ikapunguzwa mwendo mpaka ikawa kama inapiga makofi ndani ya maji. Ya katikati ilikuwa ya Don Tello.

Alikuwa hai. Alikuwa na vimisumari midomoni, akivitema kimoja kimoja kwenye nyundo yake ya sumaku na kukigongomea kwenye fremu ya kiti. Akasimama, akavitema vyote kiganjani, akaigeukia kamera.

"Huyu kijana akimwoa binti yangu," akasema, "nitamshonea kiti ambacho akikaa hainuki tena."

Watu wakacheka. Doña Amparo aliubana mkono wa Ofelia huku machozi yakimtiririka, na yalikuwa machozi ya raha. Mzee akavirudisha vimisumari mdomoni, akainua nyundo. Nyundo ikateremka bila kugonga kitu. Akakishika kiti kana kwamba anamwomba mtu amsubiri, akaenda chini taratibu, ubavuni mwake, uso ukiielekea kamera.

Na picha ikasogea karibu.

Haikuruka. Ilikwenda taratibu, bila mtikisiko, kama inavyokwenda pete ya lenzi ikiwa mkononi mwa mtu mwenye ujuzi. Kiti kikatoka kwenye picha, kisha mabega. Ukabaki uso, na kovu la kidevuni, na jicho lililokuwa likitafuta kitu. Ofelia alijikuta akihesabu. Alifika saba, na wakati wote alisikia mtu akipumua karibu na maikrofoni. Ndipo picha ikaganda pale, na kikasikika kishindo cha miguu inayokimbia.

Kioo kikawa cheusi. Watu wakapiga makofi. Doña Amparo alinyanyuka, akamkumbatia Varo mbele ya umati, akamwita mwanangu, akamshukuru kwa kumrudishia mume wake. Juu ya bega la mama yake, Ofelia alikutana na macho ya Varo. Macho hayo aliyajua yakicheka, yakibembeleza, yakisinzia. Leo yalimtazama mara moja, yakasoma kilichoandikwa usoni pake, yakashuka sakafuni. Varo alikuwa amesahau kwamba ni yeye aliyemfundisha Ofelia ile lenzi.

*

Kesho yake, baada ya misa ya saa nne, Ofelia alikwenda chumbani kwa Varo, ghorofani juu ya duka la mikate. Harufu ya mikate mitamu ya Jumapili ilijaa ngazini. Varo alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, kama mtu aliyekuwa akimngoja. Ukutani palikuwa na rafu ya kanda zake, nene kama Biblia, kila moja na jina lake kwa wino wa kijani.

Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, karibu na dirisha. Ofelia alipita nyuma yake.

Varo alianza mwenyewe. Alisema ile picha aliikuza baadaye, kwa mashine, kama watu wanavyokuza picha dukani. Akasema tena kwamba mashine za siku hizi zinaweza. Ofelia akamwuliza, kama alikuwa garini, ni nani anayesikika akipumua karibu na maikrofoni.

Varo aliinama akazifunga upya kamba za viatu.

"Ulikuwa umesimama pale," Ofelia akasema.

"Nilikuwa nimesimama pale."

"Anaanguka, wewe unazungusha lenzi."

"Sikufikiri, Ofe. Mkono ulikwenda wenyewe. Sekunde saba. Daktari mwenyewe alisema hata saa nzima isingesaidia."

"Sikuulizi habari za daktari. Alikuwa anamtafuta mtu. Umeliona lile jicho. Alikuwa anakutafuta wewe."

Varo alijifunika uso kwa viganja. Ofelia alimtazama kwa muda, yule mwanamume aliyekusanya chokaa kwa mkono unaotetemeka, na sasa akaelewa ulitetemekea nini. Lakini moyo haufungwi kama duka. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akamwambia kwamba kanda ya asili ipo rafuni, na anaijua ni ipi.

"Iweke kwenye mashine uifute mbele yangu," akasema. "Halafu twende kwa padri leo hii. Nitaolewa nawe, na jambo hili sitalitaja mpaka nizikwe. Mama hatajua. Nakuapia kwa kaburi la baba."

Yalikuwa maneno ya mtu anayegawa kila alichonacho. Varo aliyainua macho, na kabla hayajamfikia Ofelia yalikwenda kwanza rafuni. Yalikaa pale kitambo kidogo tu, muda wa kupepesa.

Ofelia akaishika kamera. Alibonyeza, na kitaa chekundu kikawaka.

"Miaka ishirini na sita baba yako anashona viti vya watu," Varo akasema. "Watu walivikalia. Nani aliwahi kumwona? Sasa wanamwona, Ofe. Jana watu walilia. Ukiifuta ile kanda, unamfuta yeye."

"Mimi nilimwona."

"Wewe hukuwepo."

Varo akajaribu kuyarudisha maneno yale. Alisimama, akanyoosha mkono, akasema hakukusudia, na hapo ndipo alipokiona kitaa. Akamwomba azime. Ofelia hakuzima. Akamwambia arudie alichosema, hukuwepo, aseme tena vizuri, maana chombo, kama baba alivyozoea kusema, angalau hakimkatizi. Varo akaketi kitandani, akaanza kulia. Hakuwa mtu wa kulia kwa urembo. Midomo ilimpinda kama mtoto, kamasi zikamtoka, akarudia zima, tafadhali, zima mpenzi wangu.

Ofelia aliweka mkono juu ya pete ya lenzi, akaizungusha polepole bila mtikisiko, kama alivyofundishwa darajani. Kitanda kikatoka kwenye picha, kisha mabega. Alihesabu kwa sauti ili Varo asikie, moja mpaka saba. Alijua ni ukatili. Aliufanya mpaka mwisho.

Kisha akazima, akaitoa kanda, akaiweka kitandani kando ya goti lake.

"Hii ni yako," akasema. "Jina utaandika mwenyewe."

Akateremka ngazi. Mwuza mikate alimsalimu, akamwuliza bwana harusi hajambo. Ofelia akasema hajambo.

*

Nyumbani alisema harusi haipo. Hakusema kwa nini.

Tía Nieves aliuliza kama kuna mwanamke mwingine, akaambiwa hakuna. Akauliza kama kuna mwanamume mwingine, akaambiwa hakuna. Akasema basi ni wazimu, na wazimu katika ukoo wao ulikuwa upande wa Zaldívar, ukoo wa marehemu, si upande wao. Doña Amparo hakuuliza kitu. Aliendelea kukanda unga. Ofelia aliketi mbele yake na maneno yote yakiwa tayari midomoni, yamebanwa kama vimisumari, na alikuwa karibu kuyatema.

"Ulimwona Varo alivyomleta karibu?" mama akasema, macho kwenye unga. "Pale mwisho. Niliona mpaka lile kovu la kidevu. Sijui hizo mashine zao wanazifanyaje, lakini alimkuza kwa upole sana, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Mimi hapa nilikuwa nabandika kahawa na kufurahi nyundo imenyamaza. Mume wangu anakufa hatua ishirini kutoka hapa, nami nafurahi. Wiki tano sijalala, Ofelia. Jana nililala. Maana sasa nimemwona. Sikuwepo, lakini yule kijana amenifanya niwepo."

Ofelia akayameza maneno yale, moja moja, kama vimisumari.

"Na mtu kama huyo ndiye unayemtupa," mama akaendelea, sauti ikabadilika. "Baba yako amekufa akimwita mkwe. Neno lake la mwisho hapa duniani ni harusi yako, watu wote wamelisikia. Wewe sijui nilizaa kitu gani. Wengine hufiwa mara moja. Mimi binti yangu ananifishia mume mara ya pili."

"Samahani, mama."

"Samahani mpe yeye. Mimi usinipe kitu."

Hivyo wakaishi. Walikula meza moja, wakapeana chumvi. Doña Amparo aliongea na binti yake kuhusu gesi, kuhusu takataka, kuhusu nani ananunua maziwa. Parokiani wanawake walimpisha Ofelia njia kwa heshima ile inayopewa watu wasiopendwa. Habari ilienea kwamba Varo alionekana amekonda, kwamba hali kitu, na kila aliyemwonea huruma alimtazama Ofelia kana kwamba yeye ndiye aliyekula chakula chake.

Wiki ya pili ya Oktoba, Doña Amparo alirudi kutoka kwenye ukumbi ule akiwa na macho mekundu na uso uliotulia. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumwambia Ofelia jambo lisilohusu gesi.

"Wameongeza luninga ya nne," akasema. "Ni Varo mwenyewe. Anamlilia baba yako. Analia, analia, mpaka anasogea karibu kabisa na kioo, unamwona kila chozi."

Ofelia aliuliza kama kuna sauti.

"Hakuna sauti," mama akasema. "Nani anahitaji sauti? Mwanamume analia vile, na wewe unauliza sauti." Akamtazama kwa muda mrefu. "Kuna watu wana moyo, Ofelia. Nenda ukaone, labda utajifunza."

Maonyesho yatafungwa Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba. Doña Amparo hajui kuendesha gari. Kila Jumamosi saa nane mchana Ofelia humpeleka mpaka mlangoni, humfungulia mlango, na humsubiri nje, ndani ya gari, kwenye kiti alichoshona baba yake.